Mgongo na shingo za watu wa ofisini: kwani kosa ni la kiti?

Andika tu kwenye grupu la WhatsApp la kazini kwamba mgongo unakuuma, halafu weka simu chini uende kunywa chai. Ukirudi utakuta mmoja kasema ni figo, mwingine anasema hiyo UTI kapime mkojo, dada wa mapokezi kakutumia namba ya mama anayeuza mikanda, kaka wa IT anakwambia kiti ndo tatizo, na lazima atokee mzee mmoja wa kukuita pembeni akuulize kwa sauti ya chini kama siyo ngiri hiyo. Wote wanakutakia mema. Shida ni kwamba kila mmoja ana ugonjwa wake kichwani na wewe una mgongo mmoja tu.

Na matangazo yamezidisha mkanganyiko. Ukitafuta neno mgongo mara moja tu kwenye simu, wiki nzima Instagram inakuletea viti vya ergonomiki, mikanda ya kuvuta mabega nyuma, mito ya shingo yenye tundu katikati, na jamaa mwenye koti jeupe aliyeshika uti wa mgongo wa plastiki anakwambia pingili zako zinasagana. Mtu anatoa laki tano za kiti, mwezi unaisha, bado anaamka anajishika kiuno. Tulifungue basi hili jambo taratibu, kwa sababu mengi yanayosemwa yana chembe ya ukweli ndani yake ila yameunganishwa vibaya.

Kwanza maneno yenyewe. Ergonomia ni elimu ya kuipanga kazi imfuate mtu, badala ya mtu kujikunja kuifuata kazi. Kwetu imegeuka kuwa jina la aina ya kiti, lakini humo ndani kuna meza, skrini, mwanga wa dirishani, unachokifanya, unakifanya kwa muda gani bila kunyanyuka, na hata bosi anayenuna akikuona umesimama.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za mgongo wa juu ambako mbavu zinashikilia, na 5 za kiunoni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, zipo 23, zina ukuta mgumu nje na ute mzito ndani. Diski imeshikana na pingili ya juu na ya chini kwelikweli, kwa hiyo ile picha ya kwamba umeinama kuokota kalamu ikachomoka ikaenda pembeni siyo inavyokuwa. Inachoweza kufanya ni kuvimba, au ukuta wake kupasuka kidogo na ute kujitokeza. Ikigusa mshipa wa fahamu ndo unasikia maumivu yanashuka kwenye tako, paja, mpaka mguuni, wengine wanaita saiyatika.

Halafu kuna kundi kubwa kuliko yote, ambalo madaktari wanaliita maumivu ya mgongo yasiyo na chanzo maalumu. Kama asilimia 90 ya watu wenye maumivu ya kiuno wako humo. Maana yake hakuna kitu kimoja unachoweza kukinyooshea kidole kwenye picha useme hiki hapa, siyo kwamba mtu anajifanya, maumivu yapo, ila yanatokana na mchanganyiko wa misuli iliyochoka, viungo vilivyokakamaa, usingizi mbovu, msongo, uzito, kutofanya mazoezi, na wakati mwingine ni mkosi tu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno na kufikia 2050 watakuwa milioni 843. Ni ugonjwa unaoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kufanya shughuli zao. Kwa hiyo kama unaumwa, hujalogwa peke yako.

Kaa wima, lakini wima upi?

Tangu shule ya msingi tumeambiwa kaa wima. Mwalimu kasema, mama kasema, saa hizi ndo HR anabandika mchoro ukutani wa mtu aliyenyooka kama rula, magoti nyuzi 90, viwiko nyuzi 90. Kumbe wataalamu wenyewe hawakubaliani wima ni upi. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti ambao wataalamu 295 wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, kutoka nchi nne za Ulaya walioneshwa picha za mikao tisa wachague ulio bora. Asilimia 85 walichagua mmoja kati ya mikao miwili, na hiyo mikao miwili ilikuwa tofauti kabisa.

Hii hofu ya kukaa ina historia yake. Miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alianza kupima presha ndani ya diski za watu kwa sindano maalumu, akaona presha inapanda mtu akikaa kuliko akisimama. Vipimo vyake vikaingia kwenye vitabu, kutoka hapo ikawa ni wimbo, kukaa kunaua mgongo. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake kule Ujerumani wakapima tena kwa vifaa vya kisasa, wakamwekea kipimo mtu mmoja aliyejitolea, na kwa mtu huyo kukaa kwa kujilegeza hakukuwa na presha kubwa kuliko kusimama. Ni mtu mmoja, sawa, lakini ilitosha kuonesha kwamba ule wimbo uliimbwa kwa haraka mno.

Sasa kama siyo mkao, kwa nini tunaumia? Mwangalie mama aliye kwenye foleni ya kliniki na mtoto wa miezi kumi. Anaanza kumbeba kulia, baada ya muda anamhamishia kushoto, anamweka begani, anampakata, anamfunga mgongoni kwa khanga, anamtoa tena. Hajawahi kuuliza mtu upande upi ndo sahihi kubebea mtoto. Mtoto ni yuleyule na uzito uleule, ila angeng'ang'ania mkono mmoja masaa matatu huo mkono ungekufa ganzi. Basi kichwa chako ndo huyo mtoto, kina kilo nne na nusu hadi tano hivi, na misuli ya shingo na mabega ndo mikono. Tofauti ni kwamba sisi tukishazama kwenye Excel tunamsahau mtoto upande uleule kuanzia saa tatu mpaka saa saba, halafu tunashangaa bega linawaka moto.

Msuli ukikazwa hata kidogo tu lakini bila kuachiwa, damu inapita kwa shida, uchovu unajikusanya, na ubongo unaanza kutuma malalamiko ili usogee. Yale maumivu ya saa nane mchana mara nyingi ni huo ujumbe, sogea basi, hayamaanishi kuna kitu kimevunjika. Kwa hiyo ukijilaza kidogo kwenye kiti, ukainama mbele, ukakunja mguu mmoja, hujakosea. Umekosea ukibaki hivyohivyo mpaka muda wa kutoka. Na aliyekaa wima kama askari wa gwaride masaa manne naye ataumia vilevile, pengine kabla yako, maana anatumia nguvu zaidi.

Kuna na ile picha inayozunguka kila mwaka, ya mtu anaangalia simu shingo imeinama na pembeni imeandikwa kilo 27. Namba hiyo ilitoka mwaka 2014 kwa daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, aliyepiga hesabu kwa modeli ya kompyuta akaona kichwa kikiinama nyuzi 60 shingo inabeba mzigo wa kama kilo 27. Ni hesabu ya mzigo, hakupima maumivu ya mtu yeyote. Shingo imeumbwa kuinama, mkulima anainama, mshonaji anainama, anayesali anainama. Kuinama kwa masaa bila kubadilisha ndo kunaleta kesi.

Basi meza na kiti havina maana?

Vina maana, ila kwa sababu nyingine na wanayoisema wauzaji. Kiti kizuri kinakupa nafasi ya kukaa kwa namna nyingi bila kujilazimisha. Kiti kibaya kinakufungia kwenye mkao mmoja, ile ya kuning'inia ukingoni kwa sababu meza iko juu au kuegemea mbele kwa sababu skrini iko mbali.

Meza nyingi za ofisini zina urefu wa kama sentimita 72 hadi 75 na hazishuki. Ukiwa mfupi, na wadada wengi kwenye hili wanaumia kimyakimya, ukishusha kiti ili miguu ifike chini, mabega yanapanda kufuata kibodi, unaandika siku nzima umepandisha mabega kama mtu anayesema sijui. Fanya kinyume: pandisha kiti mpaka viwiko viwe sawa na meza, halafu tafuta kitu cha kuwekea miguu, boksi, stuli fupi, chochote kigumu. Kiti hakina mgongo mzuri? Kunja taulo au khanga uweke kwenye kile kibonde cha kiuno. Ikikusaidia baki nayo, isipokusaidia toa, siyo dawa hiyo.

Laptopu ndo mchawi mkubwa zaidi ya kiti. Imetengenezwa skrini na kibodi vikiwa vimeungana, kwa hiyo ukiweka mikono vizuri shingo inainama, ukiinua skrini mikono inaning'inia hewani. Hakuna namna ya kukaa itakayotatua hilo. Suluhisho ni kuvitenganisha: laptopu iwekwe juu ya rimu tatu nne za karatasi mpaka ukingo wa juu wa skrini uwe karibu na usawa wa macho, halafu utumie kibodi na mausi za pembeni. Za Kariakoo za kawaida kabisa zinatosha, hazifikii hata robo ya bei ya hicho kiti cha laki tano, na mimi kama ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu ningeanza na hizo. Anayevaa miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, ashushe skrini kidogo, la sivyo atakuwa anainua kidevu kutwa nzima kutafuta sehemu ya kusomea na shingo itauma nyuma.

Jambo jingine watu hawalitegemei ni macho. Wengi tunasogeza kichwa mbele kwa sababu maandishi ni madogo au jua la dirishani linapiga skrini. Bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha mara mbili tatu uone, mgongo utarudi wenyewe kwenye kiti bila mtu kukukumbusha. Na wale wa mapokezi wanaobana simu kwa bega na sikio huku wanaandika, hedifoni jamani, hiyo haina mjadala.

Wanaofanya kazi nyumbani wao wana yao. Kitandani na laptopu mapajani, mito miwili nyuma, raha kweli, nusu saa. Baada ya hapo umekunjika katikati na huna habari. Tumia kitanda kama sehemu moja ya siku: saa moja meza ya chakula, nusu saa kwenye sofa, simu zote za kazi ukiwa unatembea uani.

Kuhusu meza za kusimamia zilizoingia mjini, zinasaidia kwa sababu zinakupa mkao wa ziada. Anayesimama kutwa nzima naye anapata yake, miguu kuvimba, visigino, kiuno. Waulize walinzi na wauzaji wa dukani kama kusimama masaa kumi ni tiba ya mgongo.

Kusogea, na siyo lazima gym

Kila nusu saa hivi badilisha kitu. Sisemi ufanye mazoezi mbele za watu, nyanyuka tu ujaze chupa ya maji, peleka karatasi kwa mkono badala ya kutuma meseji kwa mtu aliye meza ya nne, simama ukipokea simu. Ukinywa maji ya kutosha utalazimika kwenda chooni, na hiyo ndo kengele ya bei rahisi kuliko programu yoyote ya simu.

Lakini mapumziko hayo yanapunguza uchovu wa siku, hayajengi mwili. Mtu anayetoka Mbagala au Kimara anakaa kwenye foleni saa moja na nusu, anakaa ofisini masaa manane, anakaa tena kwenye foleni, anafika anakaa kwenye TV, mwili huo umepewa kazi ya kukaa tu na kazi nyingine zote zinaanza kuwa ngeni kwake. Jumamosi anabeba ndoo mbili za maji kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kiuno kinakaza, anasema ndoo imenivunja mgongo.

Mwaka 2016 watafiti wa Australia walikusanya majaribio yaliyofanyika sehemu mbalimbali kuhusu kuzuia maumivu ya mgongo. Mazoezi yalipunguza uwezekano wa kuumia, na yakiambatana na elimu ilikuwa bora zaidi. Mikanda ya mgongo haikusaidia, soli maalumu za viatu hazikusaidia, na elimu peke yake bila mazoezi nayo haikusaidia, kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa ukabaki umekaa, tumefanya kazi bure mimi na wewe.

Mwaka 2024 wengine hukohuko Australia wakajaribu kitu rahisi kuliko vyote: kutembea. Walichukua watu 701 ambao mgongo ulikuwa umewauma ukapona karibuni, kundi moja likapewa mpango wa kutembea likisaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, wakipanda polepole mpaka kufikia dakika 30 mara tano kwa wiki, kundi jingine halikupewa kitu. Waliotembea walikaa bila maumivu kurudi kwa siku 208 kwa wastani wa kati, wasiotembea siku 112. Karibu mara mbili, kwa kitu ambacho hakiuzwi. Shuka kituo kimoja au viwili kabla.

Kwa shingo na mabega kuna jaribio la Denmark la mwaka 2011 ambalo nalipenda sana kwa sababu linawaondolea watu kisingizio cha muda. Wafanyakazi 198 wa ofisini wenye maumivu ya mara kwa mara, wakapewa zoezi la kuvuta mpira wa kunyumbulika, wakiinua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, siku tano kwa wiki kwa wiki kumi. Wengine dakika 12 kwa siku, wengine dakika 2. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Dakika mbili! Mpira wa duka la michezo ukikosekana, fundi baiskeli ana tyubu chakavu.

Picha inasema umechakaa, wewe unasemaje

Hapa ndo watu wanapotishwa sana. Umeenda kupiga eksirei au MRI, ripoti inarudi na maneno marefu, pingili zimechakaa, diski imevimba, nafasi imepungua. Mtu ana miaka 34 anatoka hapo anatembea kama kabeba mayai, haendi tena mpirani, hambebi mwanae, mgongo wangu umekwisha.

Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi wa tafiti 33 za picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kwa watu wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zilizochakaa, na asilimia 30 diski zilizovimba. Kwa wa miaka 80, waliochakaa walikuwa asilimia 96. Hao ni watu wazima wa afya, hawaumwi kitu. Kwa hiyo kuchakaa kuonekana kwenye picha yako hakuthibitishi kwamba ndo kunakouma, inawezekana kulikuwepo miaka kumi ukiwa unacheza na kubeba magunia. Na hata diski iliyojitokeza kweli na kugusa mshipa, nyingi zinapungua zenyewe kadiri miezi inavyokwenda bila kisu. Daktari anayekwambia picha haihitajiki kwa sasa hajakudharau, hela yako imebaki mfukoni.

Hofu yenyewe inaumiza. Anayeamini mgongo wake ni kioo anakaza misuli muda wote, anaacha kutembea, analala vibaya, na maumivu yanazidi. Zamani watu waliambiwa walale kitandani wiki nzima, siku hizi ushauri ni kuendelea na shughuli kadiri unavyoweza, na vipindi vingi vinapungua sana ndani ya wiki chache. Kulala sakafuni au kwenye godoro gumu kama mbao nako ni mazoea tu, mwaka 2003 watafiti wa Hispania waliwagawia magodoro watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na waliolalia la ugumu wa kati walipata nafuu kuliko waliolalia gumu.

Mikanda? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno, na mikanda ya mgongo iko upande wa vitu visivyopendekezwa.

Figo, ngiri na mengine ya grupu

Figo zinaweza kuuma, lakini zinauma juu, chini ya mbavu upande mmoja au yote, na mara nyingi kuna homa, kutapika, mkojo wenye damu au unaochoma. Maumivu yanayokuja ukikaa sana na kupungua ukitembea siyo tabia ya figo. Kuna kitu kinanisikitisha hapa: mtu anaogopa figo, kwa hiyo anameza diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, kila siku miezi miwili bila kuandikiwa na daktari, na dawa za kundi hilo zikitumika kiholela ndo zenyewe zinazoweza kuharibu figo, kupandisha presha na kutoboa tumbo kwa wenye vidonda.

Ngiri ni nyama ya ndani kupenya kwenye ukuta wa tumbo, mara nyingi kinenani, unaona uvimbe. Haikai kiunoni kwa wanaume wote wanaoshinda ofisini kama vibandiko vya kwenye nguzo za umeme vinavyotangaza, na kuunganisha kila maumivu ya kiuno na nguvu za kiume ni biashara ya watu. Baridi ya kiyoyozi haiingii kwenye mifupa, ingawa ukikaa chini yake umejikunyata lazima misuli ikaze, hama sehemu.

Halafu vinyozi. Ukishamaliza kunyolewa anakukanda, tamu kabisa, ghafla anakishika kichwa na kukizungusha kwa nguvu mpaka shingo inalia. Ule mlio ni viputo vya gesi kwenye kiungo, hakuna kitu kilichorudishwa mahali pake. Ni nadra lakini inatokea, mshipa wa damu wa shingoni kuchanika kwa kuzungushwa hivyo na mtu kupata kiharusi. Mwambie akande mabega, kichwa akiache.

Sasa, asilimia 90 nimeitaja, iliyobaki ndo unapaswa kuijua. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo umeziba au unatoka bila kujijua, haja kubwa haizuiliki, au miguu yote inaishiwa nguvu. Hiyo ni dharura ya upasuaji, ukisubiri Jumatatu unaweza usirudi ulivyokuwa. Wahi pia kama maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda, kama mguu au mkono mmoja unazidi kuwa dhaifu, kama uliwahi kuugua saratani, au maumivu hayalali usiku kwa namna yoyote unayojigeuza. Na kwetu huku usisahau TB, inaingia mpaka kwenye pingili: mgongo unauma wiki kwa wiki, jioni homa, usiku jasho, kilo zinapungua, hata kama hukohoi. Wanaokunywa maziwa mabichi kuna bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nayo inaleta homa na mgongo. Hayo hakuna kiti wala zoezi litakaloyatibu, yana dawa zake hospitalini na yanapona.

Kama huna dalili hizo na wiki sita zimepita bila nafuu, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, wapo kwenye hospitali nyingi za mikoa, siyo lazima uanzie hospitali kubwa kama MOI Muhimbili ya Dar au KCMC ya Moshi.

Na bosi je

Sheria ipo. Tanzania Bara ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na kuna ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliyoleta WCF, mfuko wa kuwafidia wanaoumia kazini. Kenya wana ya kwao ya 2007. Mwajiri ana wajibu wa kuweka mazingira yasiyomuumiza mfanyakazi, na meza ni sehemu ya mazingira. Ila tuseme ukweli, kumthibitishia mtu kwamba mgongo huu umeharibiwa na kazi hii ni kazi kubwa kwelikweli, kwa sababu hizohizo za kwamba chanzo siyo kimoja, kwa hiyo kuongea mapema ni rahisi kuliko kudai baadaye.

Ofisi nyingi nilizoziona zinanunua viti vya gharama halafu zinapanga vikao vya masaa matatu bila kunyanyuka, na anayeonekana koridoni anaulizwa kama hana kazi. Dedlaini zikikaribia, kipindi cha kufunga hesabu, watu wanakula mezani, wanalala masaa manne, na migongo yote ya idara inaanza kuuma wiki moja. Kiti hakijabadilika hapo. Kwa hiyo ukiandika ombi kwa HR usiandike kiti peke yake. Omba kibodi na mausi kwa kila mwenye laptopu, omba kikao kinachozidi saa moja kiwe na mapumziko ya kunyoosha miguu, na omba printa itolewe pembeni ya meza yako ipelekwe mwisho wa koridoni.